Inchi Nne Nilizokuficha

Tabora mjini,
4 Julai 2024

Marcelina,

Jumamosi tarehe 15 Juni, saa tisa na robo alasiri, mlangoni mwa ukumbi, nilinyang'anywa nafasi yangu ya kukushika mkono na kukuingiza. Nalisema hili kabla ya salamu ili usije ukadhani nimekuandikia kuuliza habari za asali ya mumeo. Kwetu bibi harusi huingizwa na shangazi, dada wa baba. Baba yako ana dada mmoja tu aliye hai. Mimi niliingizwa na shangazi Siwema mwaka 1994, naye akiwa anachechemea. Wewe umeingizwa na mama yako mdogo Advera, ambaye ni mtu mzuri, lakini shangazi yako si yeye.

Sasa salamu. Mimi sijambo. Baba yako kule Kwihara mguu umepungua uvimbe na ameanza tena kuendesha baiskeli, ingawa amekatazwa. Mama yako anaanika michembe ya viazi vitamu. Hapa mjini ni upepo na vumbi, na vibarua wa reli mpya wameniletea suruali kumi na moja za kupunguza kiuno. Msalimie mumeo Amon na mama mkwe wako.

Tuendelee. Nilifika ukumbini saa nane na dakika ishirini. Nilivaa sare, moja ya zile ishirini na sita nilizozishona kwa siku kumi na saba. Mpokea wageni akaniuliza, "Mama, wewe ni nani?" Nikamwambia, "Shangazi wa bibi harusi." Akatazama karatasi yake, akasema, "Hapa shangazi ni Advera." Akanipeleka meza ya saba, nyuma kabisa, karibu na wapishi. Akavuta kiti cha plastiki. Akanitazama. Akavuta cha pili, akakipandanisha juu ya kile cha kwanza, akasema kwa sauti ya kusaidia watu, "Kaa hapa mama, hivi vitakuhimili." Mezani walikuwepo watu wanane. Sita walicheka, wawili wakainamisha macho. Wale wawili ndio walioniumiza zaidi.

Mtu akanipiga picha. Kufika Jumatatu nilikuwa stika kwenye kundi la ukoo. Kabla sijajitoa ilikuwa imetumwa mara kumi na nne, na moja aliituma baba yako, anasema kidole kiliteleza. Ndiyo maana naandika. Barua haina stika, na wewe huwezi kuniambia mtandao unasumbua. Nampa Nurdini, konda wa basi la Sikonge, na majibu umpe yeye.

Nataka kitu kimoja. Nani aliliondoa jina langu?

Shangazi yako,
Bernadeta


Sikonge, kijijini,
28 Julai 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama wewe na wateja wako wote. Sisi hatujambo. Amon yuko porini, mizinga ya mwaka huu imejaa kuliko ya mwaka jana, nami nashinda nachuja asali hadi nywele zinanata. Mama mkwe anakusalimia. Anasema ile sare yake haijapauka hata baada ya kufuliwa mara tatu.

Pole sana shangazi kwa yaliyotokea. Siku ile mambo yaliingiliana, ratiba ilibadilika asubuhi, kila mtu alikuwa anasema lake. Mimi mwenyewe sikuwa sawa. Picha za harusi hata hapa ndani sijazitundika, zimo kwenye bahasha. Usifikiri kuna mtu alikudharau. Wewe ni shangazi yangu mwenye mwili wa neema, mwenye afya yake, na watu wote wanakupenda hivyo ulivyo.

Nakuletea dumu la lita tano la asali, lifunge vizuri, siafu wanaijua.

Mwanao,
Marcelina


Tabora mjini,
9 Agosti 2024

Marcelina,

Marahaba. Asali imefika, Nurdini ameilinda kama mtoto. Kwihara wazima. Jana ilikuwa Nane Nane, mji ulijaa, nikashona vifungo tu kutwa nzima.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ina maneno mia na kitu, na jibu halimo. Badala yake umeniandikia "mwili wa neema" na "afya yake". Mwanangu, watu warefu tunawaita warefu na hawalii. Mwembamba ni mwembamba. Mtu ana kipara, tunasema yule mwenye kipara. Nikitokea mimi tu, kila mtu anaanza kutafuta mlango wa uani: amejaaliwa, ana mwili, mama mwenye nafasi yake. Na wasiotaka mlango wa uani wanasema bonge, wanacheka. Mimi ni mnene. Neno hilo halikuwa na ubaya wowote mpaka watu walipoanza kuliogopa kwa niaba yangu.

Kwa hiyo nimetengeneza kibao cha duka. Mchoraji alikataa, akasema, "Mama, nikiandika hivi watu watasema nimekutukana." Nikamwambia aandike, jina ni langu. Akaandika BERNADETA kwa herufi kubwa, halafu MNENE kwa herufi za kujificha. Nikamrudisha. Sasa zote zina ukubwa mmoja: BERNADETA MNENE, FUNDI WA NGUO ZA WANAWAKE, WANENE NA WEMBAMBA.

Baba yako akapata habari, akaja na baiskeli toka Kwihara, jasho linamtoka.

"Dada, unatutia aibu. Andika saizi zote, inatosha."

"Anselm, mimi ni mwembamba?"

"Sijasema hivyo."

"Mimi ni mrefu?"

"Dada, acha."

"Basi mimi ni nini?"

"Wewe una afya."

"Nina presha, Anselm. Afya ndiyo sina."

Akanywa maji, akaondoka. Usidhani nilishinda. Nikueleze na upande mwingine, maana sikukuandikia kujisifu. Wiki nzima ya kwanza niliketi ndani na pazia nimelishusha. Wateja wakija nawaitikia toka ndani. Niliona haya kuonekana nimekaa chini ya neno nililolilipia mwenyewe. Siku ya nane joto likanitoa.

Nakurudia. Nani aliliondoa jina langu? Na jambo la pili, maadamu nimeanza: kwa nini ulikodi gauni Dar kwa mtu usiyemjua, na mimi nipo? Nilikaa nikisubiri uniletee kitambaa tangu Machi. Na kwa nini ulijifunika mtandio mgongoni toka mwanzo hadi mwisho, mwezi Juni, jua lile? Nilikuwa mbali lakini macho ninayo.

Bernadeta


Sikonge, kijijini,
19 Septemba 2024

Shikamoo shangazi.

Huku ni salama. Wanasafisha mashamba ya tumbaku, moshi kila mahali.

Ni mimi. Jina lako nililiondoa mimi, saa tano asubuhi ya tarehe 15. Mama mdogo Advera alikataa mara mbili, nikamlilia, akakubali.

Uliuliza habari za gauni. Machi nilipokuja dukani nilikuambia nipime tu nijue. Ulinizungushia futi kifuani, ukasema, "Arobaini, mwanangu, msichana kabisa." Nikaenda nayo hiyo arobaini. Magauni ya kukodi Dar yanaandikwa namba, nikamtumia yule dada mkodishaji ile arobaini yako. Sikukuletea wewe kitambaa kwa sababu wifi zangu wote walivaa ya Dar, na mimi nilitaka walau siku moja niwe kama wao. Hilo ni kosa langu, liweke upande wangu.

Gauni lilifika jioni ya Ijumaa. Asubuhi ya harusi zipu ilifika katikati ikakataa. Pengo lilikuwa la vidole vinne. Walinivuta watatu. Dada yake mama mkwe akasema, "Kumbe shangazi mtu anapima kwa macho!" Wakacheka. Mwingine akasema, "Mwacheni, amemfuata huyohuyo shangazi. Mnaona atakavyokuwa akifika hamsini." Wakanibana na pini tisa, wakanifunika mtandio. Nimekaa harusi yangu yote nikipumua nusu.

Kisha nikachungulia dirisha la nyumba tulimovalia nikakuona unashuka kwenye bajaji kuacha sare za mwisho, nawe umeshavaa yako, unacheka na dereva. Shangazi, sijui niandikeje. Niliona kwamba tukiingia mimi na wewe tumeshikana mikono, watatuona kitu kimoja mara mbili. Nikamwita mama mdogo. Sikutaka kukuonea haya. Nilikuonea.

Sasa na mimi nauliza. Machi ulisoma futi vibaya, au ulinidanganya?

Marcelina


Tabora mjini,
26 Oktoba 2024

Mwanangu Marcelina,

Marahaba. Zimepita wiki tano na siku mbili tangu uniandikie. Usimlaumu Nurdini, barua yako alinipa kesho yake. Nilianza kujibu mara nne. Kwihara hawajambo, mama yako ana kikohozi lakini kinapungua. Manyunyu ya kwanza yamepita, vumbi limelala kidogo.

Sikusoma vibaya. Miaka ishirini nashika futi, siwezi kusoma vibaya. Daftari langu la vipimo, ukurasa wako, tarehe 9 Machi, limeandikwa kwa penseli: kifua arobaini na nne. Mkono uliandika arobaini na nne, mdomo ukasema arobaini. Inchi nne nilikuficha.

Si wewe peke yako. Nilipoanza kushona pale Igalula, kibarazani karibu na stesheni, nikiwa na cherehani moja ya kukanyaga, alikuja mama mmoja mnene kama mimi nilivyo sasa. Nikampima nikamtajia kama ilivyo, hamsini na mbili, kwa sauti, maana nilikuwa najivunia kujua kupima. Wanawake wengine wanne walikuwa wanasubiri zamu. Yule mama alikikunja kitambaa chake akaondoka, sikumwona tena. Tangu siku hiyo nikawa naandika namba moja na kusema nyingine. Inchi mbili kwa wa wastani, nne kwa wanene. Nguo zinatoka sawa, mtu anaondoka anatabasamu, na hakuna aliyegundua. Uongo wangu ulikuwa salama muda wote mkasi ulipokuwa wangu. Sikuwahi kufikiri kuna mtu atauchukua aupeleke Dar.

Nilikuwa naona ni wema. Nimekaa wiki hizi tano nikijiuliza, kama unene si ubaya, kwa nini nilikuwa nauficha kwa kila mwanamke aliyeinua mikono mbele yangu? Yule mpokea wageni alipandanisha viti viwili mara moja. Mimi nimepandanisha miaka ishirini. Na kibao nimetundika. Nilijisikia vibaya kiasi kwamba nilimwambia mchoraji aje akishushe. Hajaja, ana kazi za kampeni.

Lipo jingine, nalisema ili nisibaki na kitu. Katika daftari hilo ukurasa wangu hauna namba. Jina lipo, mistari ipo, namba hakuna. Sare yangu niliikata kwa kulaza gauni langu la zamani juu ya kitambaa na kuongeza kwa kukisia. Ilinibana kwapani siku nzima.

Jumanne nikamwita Zuwena, jirani yangu muuza vitenge, nikamwambia, "Nipime, useme kwa sauti, mlango uwe wazi." Akasema, "Bernadeta, una wazimu leo?" Nikamwambia ndiyo. Akapima: kifua hamsini na moja, kiuno arobaini na saba, nyonga hamsini na saba. Kuna bibi wa mbogamboga alikuwa amekaa barazani, akaitikia toka nje, "Kiuno ongeza mbili, amevuta pumzi huyo!" Kweli nilikuwa nimevuta. Zuwena akapima tena, arobaini na tisa. Nilicheka mpaka nikakaa chini, halafu nikalia kidogo, si sana. Namba zote nimeziandika kwa kalamu ya wino.

Sasa kila mteja namtajia kama ilivyo. Wawili wamekasirika. Mmoja aliniita mshenzi. Wa tatu alisema, "Ahaa, ndiyo maana ya dukani hazinikai," akaagiza mbili.

Kwa inchi nne, nisamehe. Kwa lile la dirishani, bado linaniuma, sitakuambia limekwisha. Lakini nimelielewa, na nimeona lilikotoka.

Mbona katika barua yako hukuniambia habari zako wewe? Umeandika moshi wa mashamba tu.

Shangazi yako


Sikonge, kijijini,
17 Novemba 2024

Shikamoo shangazi,

Nimekusamehe. Nimefurahi pia, sijui kwa nini nimefurahi, labda kwa sababu nilidhani nilinenepa kati ya Machi na Juni na nilikuwa najichukia kwa hilo.

Mvua huku zimeanza, barabara ya kutoka Sikonge hadi kwetu pikipiki zinasukumwa. Amon anakusalimia sana. Ndiyo, nina habari. Nina mimba, inaelekea miezi minne. Baba na mama bado sijawaambia, tafadhali usiwaambie kwanza.

Nilikwenda kliniki tarehe 10 Oktoba. Sitaitaja, ni zahanati ya huku. Mzani upo nje, mbele ya benchi, na siku hiyo tulikuwa kinamama kumi na tisa. Muuguzi akaniita, "Njoo wewe bonge, panda taratibu usije ukatuvunjia." Nikapanda. Akapaza sauti, "Tisini na nne!" Mwenzake aliyekuwa anaandika akauliza, "Tisini na ngapi?" Akarudia, "Na nne!" Benchi zima likaguna. Nilimwona binamu yake Amon pale, na jioni ile mama mkwe alikuwa ameshaijua namba, akaniwekea ugali nusu ya ule wa jana yake. Alisogeza tu sahani.

Waliniambia presha iko juu kidogo, nirudi tarehe 7 Novemba bila kukosa.

Shangazi, sikurudi. Nilijiandaa, nikavaa, nikachukua kadi, nikatembea hadi kwenye mto, nikakaa pale hadi saa saba, nikarudi nyumbani. Amon aliuliza wamesemaje, nikasema wamesema vizuri. Sasa tarehe nyingine ni Alhamisi tarehe 5 Desemba na tayari najua nitakachofanya. Nitaenda tena kukaa mtoni. Naumwa kichwa siku za karibuni, huenda ni jua.

Wewe umeweza kumwambia Zuwena asome mlango ukiwa wazi. Mimi siwezi. Neno lile kwako linatoka kama jina. Kwangu bado ni kama mtu amenirushia kitu. Usinikasirikie.

Marcelina


Tabora mjini,
24 Novemba 2024

Marcelina,

Marahaba. Nimefurahi kwa mimba, nitafurahi vizuri zaidi baadaye, sasa sina nafasi. Wazazi sijawaambia.

Kichwa hicho si jua. Mimi nina presha tangu 2015 na najua inavyoanza. Tangu tarehe 10 Oktoba hadi 5 Desemba ni siku hamsini na sita, na hakuna aliyekupima hata mara moja. Ningetaka uende kesho. Najua hutaenda kesho. Ukiona macho yanafanya ukungu au miguu inavimba, usisubiri tarehe wala kunisubiri mimi, mwambie Amon akupeleke hospitali ya wilaya siku hiyohiyo.

Kama hayo hayajatokea, nimepanga hivi. Jumatano tarehe 4 nafunga duka, napanda basi la Nurdini hadi Sikonge, kutoka hapo nitapanda pikipiki, na kama itasukumwa nitasukuma. Nalala kwenu. Alhamisi asubuhi tunakwenda kliniki mimi na wewe. Tukifika naanza mimi kupanda mzani. Sijapanda mzani tangu mwaka 2011, hata kliniki ya presha naukwepa, kwa hiyo usidhani unakwenda na shujaa. Nitamwambia muuguzi, mimi ni mnene na huyu ni mnene, tupime. Atataja namba yangu mbele ya benchi, halafu atataja yako. Akitaka kucheka, acheke amalize, kisha akupime presha. Presha ndiyo inayotupeleka. Na mama mkwe wako nitamwambia kwa heshima zote kwamba ugali wa mjamzito haukatwi na binamu aliyekaa kwenye benchi.

Kazi yako ni mbili tu. Ya kwanza, umwambie Amon kwamba tarehe 7 hukwenda. Umwambie wewe, kabla sijafika, kwa sababu mimi nikiulizwa sitadanganya tena, nimeacha. Ya pili, unijibu. Mambo ya harusi yako bado yako palepale na tutagombana vizuri ukishajifungua. Hilo lisikuzuie.

Nurdini anaondoka Sikonge Jumatatu tarehe 2 Desemba saa nne asubuhi. Nitakuwa stendi kabla ya saa sita mchana, na nitakaa hapo hadi saa kumi jioni basi likichelewa. Usiniletee salamu ndefu, usiniletee asali, usiniandikie habari za mvua. Andika neno moja kwenye karatasi: Alhamisi unapanda mzani na mimi, ndiyo au hapana?

Bernadeta